Albamu ya jazz niliyoinunua imeniangusha: maswali na majibu

Tuliwaomba wasomaji watutajie albamu ya jazz waliyoinunua kwa hamu kisha ikawakata maini. Barua zimekuja kutoka kila pembe ya jiji, na nyingi zinawalaumu wanamuziki. Tumezisoma zote, na mara nyingi tumeona tatizo liko kwenye ganda la santuri ambalo halikusomwa, kwenye toleo lililouzwa, au kwenye mashine inayocheza. Hayo yanarekebishika. Pale ambapo albamu yenyewe ndivyo ilivyo, tumesema hivyo.

Majina ya Kiswahili, muziki siuelewi

*Wahariri, salaam. Niliiona santuri ya Herbie Hancock inaitwa Mwandishi, na nyuma ya ganda wanamuziki wote wana majina ya Kiswahili. Nikajua humo mtakuwa na ngoma za kwetu, pengine hata maneno. Nimeiweka, nakuta wimbo wa kwanza unarudia mlio uleule dakika kumi na zaidi, kinanda cha umeme kinagugumia, hakuna anayeimba. Je, nimepigwa?* (Msomaji, Upanga)

Hukupigwa, ndugu. Ulichonunua ni halisi, ila jina limekupeleka mahali ambapo muziki haukuahidi kwenda. Albamu hiyo ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 na ikatoka 1971. Miaka hiyo Wamarekani weusi wengi walikuwa wanachukua majina ya Kiswahili kama tamko la utu wao na asili yao, na bendi hii ikafanya hivyo yote: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart wa dramu ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester wa trombone ni Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari. Majina ni yetu. Muziki ni wa kwao, wa wakati ule, wenye piano ya umeme na nafasi kubwa ya kubuni papo hapo.

Santuri nzima ina vipande vitatu tu, na upande wa pili wote ni kipande kimoja, kwa hiyo ukiingojea nyimbo ya dakika nne utachoka. Jaribu hivi kabla hujaiuza. Kwenye kipande cha kwanza, "Ostinato", acha tarumbeta na piano, fuata besi peke yake. Hesabu mapigo: utafika 15, si 16. Moja hadi nane, halafu moja hadi saba, halafu inaanza upya. Lile pigo moja linalokosekana ndilo linalofanya mwili uyumbe kila mzunguko, na waliobaki wanapiga juu ya myumbo huo. Masikio yaliyozoea rumba na mchiriku hayana shida na kurudia. Kinachoyasumbua ni kutojua mzunguko unaanzia wapi. Ukishaupata, dakika hizo zinakwisha upesi.

Kama baada ya hapo bado hakuna kitu, usijilazimishe. Hancock yuleyule ana *Maiden Voyage* ya 1965, ambayo ina nyimbo za kushikika, na *Head Hunters* ya 1973, ambayo inachezeka kabisa. Lakini kwa ulichokuwa unakitafuta hasa, yaani jazz yenye Kiswahili ndani yake, tafuta *Uhuru Afrika* ya Randy Weston. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja na kidogo kabla ya uhuru wa Tanganyika. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes, mpangilio wa bendi kubwa ni wa Melba Liston, na shairi la mwanzo linasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mtu wa Dar asiyeisikia sauti ile ikitoka katikati ya bendi ya New York amekosa kitu kikubwa.

Miles amekuwa mzito

*Shikamooni. Mjomba alituma mashine ya santuri kutoka Marekani, nami nikanunua Kind of Blue ya Miles Davis, mpya ikiwa kwenye nailoni. Nilitafuta transfoma ya kushusha umeme, sahani inazunguka vizuri, lakini muziki umelala na tarumbeta imekuwa nene. Fundi anasema santuri ni feki. Niirudishe?* (Kijana wa Tabata)

Marahaba. Usiirudishe, na usimlipe fundi kwanza. Geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa "120V 60Hz", tatizo lako ni hezi (idadi ya mipigo ya umeme kwa sekunde), si volti. Transfoma inashusha volti 230 za kwetu kuwa 120, lakini hezi haizigusi: zinaingia 50, zinatoka 50. Mota za mashine nyingi za zamani za mkanda hufuata hezi za umeme zinaopewa. Yako imetengenezwa kwa 60, inapata 50, kwa hiyo inakwenda asilimia 83 ya mwendo wake. Badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, inazunguka karibu 27.8.

Hakikisha kwa njia mbili. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, shika saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Mashine yenye mwendo sahihi hufika 100. Yako itafika kama 83. Njia ya pili ni ya mwenye kinanda: "So What" inakaa kwenye noti ya Re, kisha inapanda nusu hatua na kurudi. Ukiona kinachoendana na muziki wako ni noti ya Si, umeshuka nusu hatua tatu na kidogo, na hilo ndilo pengo la 60 na 50.

Tahadhari na kile kikaratasi cha mistari kinachokuja na mashine kwa ajili ya kupima mwendo. Cha Marekani kina mistari 216 kwa santuri kubwa. Chini ya taa ya umeme wa hezi 50 mistari hiyo itaonekana imesimama tuli pale pale mashine inapokwenda 27.8, na utaapa kwamba mwendo ni sahihi. Cha huku kwetu kinatakiwa kiwe na mistari 180. Tena taa nyingi za LED hazipepesi kwa mpigo wa umeme, kwa hiyo kikaratasi hakisomeki kabisa. Amini saa yako.

Dawa inategemea aina ya mota. Kama mashine inatumia adapta ya DC, huna haja ya transfoma: nunua adapta ya volti 230 yenye volti na ncha zilezile upande wa kutoa, mwendo utakuwa sawa. Mashine zinazoendesha sahani moja kwa moja bila mkanda, zenye udhibiti wa kielektroniki, nazo hazijali hezi, transfoma inatosha. Ya mkanda yenye mota ya AC ndiyo inayotaka puli nyingine, yaani kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Ulizia kwanza puli ya hezi 50 ya modeli hiyohiyo, maana watengenezaji wengi walizitoa za aina zote mbili. Ikikosekana, mafundi wa kukereza vyuma wa Gerezani wanaweza kuichonga kwa shaba, lakini wape vipimo, usiwape mashine wakisie.

Hesabu yake inataka uangalifu. Watu huzidisha kipenyo cha puli mara 1.2 wakamaliza, kisha mashine inakimbia au inachelewa kidogo, kwa sababu wamesahau unene wa mkanda. Chukua kipenyo cha puli, ongeza unene wa mkanda, zidisha kwa 1.2, halafu toa unene wa mkanda. Puli ya milimita 10 na mkanda wa milimita 1 inakuwa: 11 mara 1.2 ni 13.2, toa 1, unapata 12.2. Mwambie fundi uso wa puli uwe na tumbo kidogo katikati ili mkanda usihame, na tundu likae katikati barabara. Tundu likihama kidogo tu, kila noti ya piano itayumba. Usidanganyike kuweka kwenye 45 ili kufidia: hapo itazunguka 37.5, na Miles atapanda nusu hatua mbili.

Jambo moja la ziada, kwa sababu ni albamu hiyo. Nakala za zamani za *Kind of Blue*, za kabla ya marekebisho ya 1992, zina nyimbo tatu za upande wa kwanza zilizopanda kidogo kuliko zilivyopigwa. Zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 na mashine ya kanda iliyokuwa inakwenda taratibu, kwa hiyo zikichezwa kwenye mashine sahihi zinakimbia. Ukitaka kupiga pamoja nazo na kinanda chako hakikubali, sababu ni hiyo.

Glasi zinagongana

*Nimenunua Waltz for Debby ya Bill Evans. Watu wanaongea, vyombo vinalia, mwingine anacheka katikati ya wimbo wa huzuni. Nilitaka utulivu. Hii ni nakala mbovu?* (Msomaji, Mikocheni)

Ni nakala nzuri, dada. Ilirekodiwa mbele ya wateja katika klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili tarehe 25 Juni 1961, mchana na usiku. Kelele zile zimo kwenye kanda yenyewe, hakuna toleo lisilokuwa nazo. Hata umeme uliwahi kukatika wakati wanaanza, na kipande hicho kilichokatizwa kimo katika mkusanyiko kamili uliotoka 2005. Siku 11 baadaye mpiga besi Scott LaFaro alifariki katika ajali ya gari, ndiyo maana kila sauti ya siku ile imehifadhiwa.

Ukitaka wapigaji watatu walewale wa siku ile bila wateja, nunua *Portrait in Jazz* ya Desemba 1959 au *Explorations* ya Februari 1961. Zote ni za studio. Ila tungekuomba usiitoe hiyo ya klabu. Punguza sauti kidogo, kaa karibu na spika, fuata besi. Baada ya nyimbo mbili masikio huacha kuwasikia wale watu.

Zawadi iliyozimwa

*Mume wangu anaipenda A Love Supreme ya John Coltrane kupita kiasi. Kwa siku yake ya kuzaliwa nikamnunulia Ascension ya Coltrane huyohuyo, imepita miezi michache tu tangu ile. Amesikiliza dakika tano akaizima, akasema asante. Nimekosea wapi?* (Mama wa Sinza)

Dada, ulifuata jina na mwaka, na kwa wanamuziki wengi hiyo ingetosha. Kwa Coltrane haitoshi. *A Love Supreme* ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 na watu wanne. *Ascension* ni ya 28 Juni 1965 na ina watu 11: tarumbeta mbili, saksafoni tano, besi mbili, piano na dramu. Wanapuliza pamoja, kila mmoja na njia yake, kisha mmoja mmoja anatoka mbele, kisha wote tena, karibu dakika 40 bila kupumzika. Sisi tunaiheshimu sana, lakini si zawadi ya kumshtukiza mtu.

Ukisimama mbele ya rafu, soma majina ya wanaopiga kabla ya kusoma jina la albamu. Ukiona McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye dramu, watatu hao tu pamoja na Coltrane, na tarehe ya kurekodi ni 1964 au kabla yake, mumeo atakuwa nyumbani. *Crescent* ya 1964 ndiyo ndugu wa karibu wa anayoipenda. *Ballads* ni laini zaidi, na ile aliyorekodi Machi 1963 pamoja na mwimbaji Johnny Hartman inafaa hata kwa mgeni asiyejua jazz. Ukiona Pharoah Sanders, Alice Coltrane na Rashied Ali, hiyo ni safari ya mwisho mwisho, ya moto mkali. Iwe uamuzi, isiwe bahati mbaya.

Kuna mtego wa upande wa pili pia. Coltrane alirekodi kwa lebo ya Prestige hadi mwisho wa 1958, akahama. Alipoanza kuwa maarufu, Prestige wakaendelea kutoa kanda walizokuwa nazo kana kwamba ni kazi mpya. *Standard Coltrane* ilitoka 1962 na *Bahia* ikatoka 1965, lakini muziki uliomo ni wa 1958. Si mbaya, ni mwingine tu. Mwaka wa kutoka hauna maana. Mwaka wa kurekodi ndio unaonunua.

Kabla ya kulipa, onja kwenye simu. Kwa ubora wa chini wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa nzima ya muziki inakula takriban MB 43, kwa hiyo *Ascension* yote ni kama MB 29 za bando. Ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya santuri. Na ukisikiliza, usionje mwanzo peke yake. Nenda katikati, halafu dakika mbili za mwisho.

Hiyo *Ascension* usiitupe. Tazama eneo laini karibu na lebo: nakala nyingine zimechorwa "EDITION II", kwa sababu siku ile walipiga mara mbili na Coltrane akataka pigo lingine liwekwe badala ya lile lililotoka kwanza, ganda likabaki lilelile. Kama yako haina alama hiyo na unamsikia Elvin Jones akipiga dramu peke yake kuelekea mwisho, unayo ile ya kwanza. Wakusanyaji huzitafuta, na pesa yako inaweza kurudi.

Saksafoni imepotea

*Nasikiliza jazz ya zamani kwenye daladala. Albamu mbili za mwisho nilizonunua kwenye simu hazina saksafoni kabisa, dramu na besi tu. Zimekatwa?* (Gongo la Mboto)

Unasikiliza kwa sikio moja, sivyo? Rekodi nyingi za stereo za mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ziliweka vyombo kwa ukali: mpulizaji upande huu, dramu na besi upande ule, katikati karibu hapana kitu. Ukichomoa sikio moja, umemchomoa na mpulizaji. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Pande zote mbili zitaunganishwa katika kila sikio. Kama hata kwa masikio yote mawili saksafoni iko mbali na ina mwangwi, sukuma pini ya waya hadi mwisho. Pini isiyoingia vizuri hufuta kile kilichoko katikati.

Makofi mengi, saksafoni mbali

*Nimesoma kuhusu Paul Gonsalves kupiga saksafoni mizunguko 27 ya wimbo na Duke Ellington pale Newport, watu wakasimama juu ya viti. Nimeipata santuri ya zamani. Saksafoni yenyewe inasikika kama iko chumba cha pili. Ndiyo hiyo wanayoisifia?* (Mzee wa Magomeni)

Shikamoo mzee. Ndiyo hiyo, na umesikia sawasawa. Usiku ule wa tarehe 7 Julai 1956 palikuwa na maikrofoni za kampuni ya Columbia na ya Sauti ya Amerika jukwaani. Gonsalves akapulizia ile ya Sauti ya Amerika. Columbia wakabaki na mlio wa mbali. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya vipande vingine kwenye santuri ya 1956 ilirudiwa studio siku chache baadaye, makofi yakabandikwa juu. Mnunuzi anayehisi kuna kitu hakikai sawa hajakosea.

Kanda za Sauti ya Amerika zilikuja kupatikana, zikaunganishwa na za Columbia, na mwaka 1999 ikatoka *Ellington at Newport (Complete)*, CD mbili. Hapo Gonsalves yuko mbele yako. Hii ni moja ya mara chache ambapo tunasema wazi: acha santuri, nunua CD.

Na mzee, ukikutana na santuri iliyoandikwa "electronically rechanneled for stereo", irudishe rafuni. Ni rekodi ya mono iliyopasuliwa kwa mashine, sauti nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, mara nyingi na mwangwi wa kuongezwa. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani 1958. Rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 inayojiita stereo, itilie shaka.

Vidoti vyeupe

*Nimenunua santuri sita za jazz za mitumba Kariakoo kwa bei nzuri. Zina vidoti vyeupe, zikicheza zinachemka kama mafuta ya maandazi. Je, ni za kutupa?* (Kigamboni)

Bado, ndugu. Vidoti ni ukungu. Unyevu wa pwani unauotesha kwenye karatasi ya ndani ya ganda, unahamia kwenye mifereji inayopitiwa na sindano. Kwanza tenganisha zinazookoleka. Shika santuri chini ya taa kali, uielekeze huku na huku. Mkwaruzo usiohisika kwa ukucha mara nyingi hausikiki. Unaohisika utagonga kila sekunde 1.8, mzunguko mmoja mmoja, na hakuna sabuni itakayouondoa. Ikiwa uso umepauka rangi ya kijivu, mifereji imeliwa na sindano nzito: utasikia tarumbeta ikipasuka kila inapopanda. Hiyo nayo haiponi.

Zilizobaki osha hivi. Fanyia kibarazani, vaa barakoa, usipulizie ukungu ndani ya nyumba. Tayarisha lita moja: mililita 800 za maji ya betri, mililita 200 za spiriti ya isopropili ya dukani kwa dawa, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Maji ya betri yawe yale matupu yasiyo na asidi, soma chupa kwa sababu zote mbili huuzwa kaunta moja. Usitumie spiriti ya rangi, inaacha utando. Na kama santuri ni ile nzito ya kuvunjika, ya mizunguko 78, usiiguse kabisa na spiriti: itayeyuka. Hizo ni maji na sabuni tu.

Laza santuri juu ya taulo safi. Futa vumbi kavu kwanza. Mimina kama mililita 10 kila upande, usiloweshe lebo ya karatasi. Tumia kitambaa laini cha nyuzi ndogo, fuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Acha dakika moja ili spiriti ifanye kazi, zungusha tena, futa. Kisha suuza kwa maji ya betri matupu na kitambaa kingine. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na mchanganyiko ukikaukia ndani ya mifereji, mchemko unarudi palepale. Simamisha kivulini saa moja, mbali na feni inayorusha vumbi. Juani usithubutu.

Karatasi ya ndani ya zamani itupe, imejaa mbegu za ukungu. Weka ya plastiki laini ya poliethilini. Ganda lipanguse kwa kitambaa kikavu na kulianika kivulini. Nailoni ya dukani, kama bado ipo, ichane: kwenye joto hujikaza na kupinda santuri. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, sentimita chache kutoka ukutani, na usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa kuingia sokoni mara moja.

Sindano nayo isafishe kila baada ya upande mmoja wa santuri ya mitumba, kwa brashi kavu, kutoka nyuma kuja mbele. Ukikuta mashine yako ni ile ya sanduku yenye sindano inayokandamiza gramu 5 au 6, usiichezeshe santuri unayoipenda. Vichwa vya sindano vya kawaida vinakaa kati ya gramu 1.5 na 2.5.

Gramu 180

*Nimelipia zaidi kwa sababu ganda limeandikwa gramu 180. Ni piano peke yake, na noti ndefu zote zinayumba. Uzito haukusaidia?* (Msomaji, Mbezi)

Uzito ni wa plastiki, sauti hutoka kwenye kanda iliyotumika na mkono wa aliyeichonga. Santuri ya gramu 140 iliyochongwa kutoka kanda ya asili itaishinda ya gramu 180 iliyotokana na CD, na ganda lisilotaja chanzo cha sauti lisikuvutie kwa uzito wake.

Kuyumba kwako kuna sababu nyingine. Tazama mkono wa sindano ukiwa umeinama usawa wa sahani. Kama unakwenda kushoto na kulia kila mzunguko, tundu halikupigwa katikati. Likihama nusu milimita tu, karibu na lebo mwendo hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.8, na piano huonyesha hilo kuliko chombo chochote kwa sababu noti zake hazitakiwi kutikisika. Jaribu santuri nyingine kwanza. Hiyo nyingine ikitulia, kosa ni la kiwanda. Usilipanue tundu kwa kisu, muuzaji atakataa kuipokea. Piga video ya mkono ukiyumba, sekunde 20 zinatosha, umpelekee kabla siku zake za kurudisha hazijaisha.